Mzee Kazungu Hakutaka Sabuni

Kila siku, kabla jua halijachomoza, Easter Katana alikuwa ameshafagia uwanja, ameshateka ndoo mbili za maji, na ameshayarowesha makuti ambayo mama yake angeyashona mchana kutwa. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka. Mapaa ya hoteli kadhaa za Bofa na Kikambala yalikuwa kazi ya mikono yake, na makuti aliyoyatumia yalitoka hapo hapo nyumbani, kijijini Mihuhuni, yakabebwa na pikapu ya jirani yao aitwaye Ngumbao. Easter akimaliza kazi zake hunywa chai ya rangi, huvaa sare na kushika njia ya shule, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, na siku aliyoipenda kuliko zote ni Ijumaa. Siku hiyo, baada ya masomo, Chama cha Wanafunzi Wakatoliki kilikutana katika darasa la mwisho, na Easter ndiye aliyeanzisha nyimbo. Walikuwa wanachama ishirini na wawili. Kwa miaka mingi kazi zao zilikuwa zile zile: kufagia kanisa dogo la kijiji, lililoitwa kigango, kuimba misa padre anapofika kutoka parokiani, kukata matawi ya minazi kwa Jumapili ya Matawi, na wakati wa Kwaresima kuwapelekea wazee wasiojiweza sabuni, sukari na unga. Watu waliwapenda. Katekista Nzai, aliyeongoza kigango hicho, alizoea kuwasifu mbele ya waumini wote.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja, tena kwa jambo dogo kabisa. Njiani kuelekea shuleni palikuwa na duka, na muuzaji alikuwa akiwaonyesha watoto video za ngoma kwenye simu yake. Easter alisimama atazame moja, akatazama tano. Aliposhtuka, kengele ilikuwa imelia zamani. Ilikuwa mara yake ya tatu kuchelewa muhula huo, na sheria ya shule ilisema kwamba mara ya tatu mzazi huitwa. Easter alimwogopa baba yake kuliko adhabu yoyote ya shule.

Basi mwalimu wa zamu alipomuuliza, akatunga. Alisema kwamba alipokuwa akipita karibu na boma la Mzee Kazungu, mzee huyo alitoka akasimama katikati ya njia, akamkazia macho huku akinong'ona maneno asiyoyaelewa, na yeye miguu ikamlegea, ikabidi akae chini mpaka apate nafuu. Hakumchagua Mzee Kazungu kwa kubahatisha. Mzee aliishi peke yake. Alikuwa mkali wa maneno, kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi, na tangu mtoto mchanga wa Ngumbao alipofariki kwa homa wiki mbili nyuma, watu walikuwa wameanza kumtaja kwa sauti ya chini kuwa ni mchawi. Easter alijua kwamba uongo juu ya mtu kama huyo haungeulizwa maswali. Na kweli haukuulizwa. Mwalimu wa zamu alimwonea huruma, akamwambia akapumzike kivulini.

Lakini wenzake walikuwa wamesikia. Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea Mihuhuni nzima, na kila aliyeipokea aliongeza lake. Wengine walisema mzee alikuwa ameshika chupa ya uchawi. Wengine walisema alikuwa akitoka makaburini. Ngumbao, ambaye alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mzee Kazungu, alikuwa akimshuku ami yake tangu siku ya mazishi, ila hakuwa na la kuonyesha. Sasa alikuwa na shahidi.

Jumamosi alasiri kundi la watu liliingia bomani kwa Mzee Kazungu. Walivunja mlango, wakamrushia mawe, kisha wakaitia nyumba moto. Mzee alitokea upande wa nyuma akakimbilia kanisani, mkono wake ukivuja damu. Katekista Nzai alimfungulia stoo ya kigango kwa shingo upande. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, mlimowekwa majembe na viti vibovu.

Easter alipata habari hizo akiwa anashona makuti na mama yake. Vidole vyake vilisita, kisha vikaendelea. Aliiambia nafsi yake kwamba yeye hakurusha jiwe hata moja, wala hakushika kiberiti. Alijaribu kuamini hivyo siku nzima ya Jumapili, hata akaimba misa kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Mlezi wa Chama mwaka huo alikuwa Mwalimu Zipporah, aliyehamia shuleni Januari. Ijumaa iliyofuata aliwaambia wanachama kwamba mzee aliyelala stoo ni jirani yao, na wakakubaliana kumpelekea vitu kama walivyozoea. Walimkuta ameketi juu ya kreti, mkono umefungwa kitambaa. Mwenyekiti wao Cindy, msichana mwenye maneno machache, alipiga goti akaweka mfuko mbele yake. "Shikamoo, tsawe," akasema, akimwita babu kwa Kigiriama. "Tumekuletea sabuni na unga."

Mzee Kazungu hakuugusa mfuko.

"Sabuni ya nini?" akauliza. "Nani kawaambia mimi ni mchafu? Mimi nina minazi yangu, nina kisima changu. Na nyumba nilikuwa nayo. Hamkunikuta barabarani nikiomba. Nendeni mkaulize kwanza kwa nini nalala na majembe. Mkishajua, ndipo mniletee sabuni yenu."

Wakageuka kurudi. Baadhi yao walinuna, wakisema mzee hana shukrani. Mwalimu Zipporah alisimama njiani akawaambia kwamba mzee amesema kweli. Aliwaeleza kuwa wanafunzi Wakatoliki katika nchi nyingi wana njia yao ya kufanya kazi, yenye hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Wao hapo Mihuhuni walikuwa wakianzia mwisho, wakitenda bila kuona.

Kwa hiyo waliamua kwenda kuona. Waligawanyika wawili wawili, wakazunguka kijiji baada ya masomo, Mwalimu Zipporah akiwa karibu nao. Walikuwa na swali moja tu. Hawakumuuliza mtu amesikia nini juu ya Mzee Kazungu, bali yeye mwenyewe, kwa macho yake, aliona nini. Cindy aliandika majibu daftarini. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Easter, ambaye hakuweza kukataa kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoa.

Hawakupokelewa vizuri. Nyumba ya kwanza waliambiwa warudi kwao wakaoshe vyombo. Nyumba ya tatu mama mmoja aliwamwagia maji machafu miguuni, akawauliza ni nani aliyewatuma kumtetea mchawi. Wenye mbwa waliwaachilia. Jumapili, Katekista Nzai alisimama mbele ya waumini akasema kwamba Chama kiliundwa kwa ajili ya kuimba na kufagia, na kwamba mtoto anayeingilia mambo ya ardhi na ulozi amepotoshwa na wageni. Kila mtu alijua mgeni ni nani. Kesho yake wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao. Shuleni mtu aliandika ubaoni kwa chaki, "Chama cha Wachawi", na wakati wa chakula hakuna aliyetaka kukaa benchi moja nao. Ngumbao naye aliegesha pikapu yake nje ya lango la shule, akakaa ndani akiwatazama wakitoka. Siku ya pili alikuja tena.

Kufikia Ijumaa ya tatu walikuwa wamebaki saba.

Cindy alifungua daftari. Walikuwa wamewauliza watu arubaini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Aliyezungumza juu ya chupa alisikia kwa shemeji yake, shemeji alisikia kisimani, wa kisimani alisikia kwa mtoto wake wa shule. Cindy alikuwa amechora mistari kutoka jina hadi jina, na mistari yote iliishia mahali pamoja. Tena, akasema, alipopita karibu na shamba la mzee aliona vigingi vipya vilivyopakwa rangi nyekundu, vimepigwa upande unaoelekea barabara mpya ya lami, na watu wawili kwa nyakati tofauti walimwambia kwamba aliyevipiga ni Ngumbao.

Halafu aliinua macho.

"Easter," alisema. "Umetembea na mimi wiki mbili hizi na hukuniambia. Nakuuliza kama nilivyowauliza wengine. Ulimwona?"

Wote sita walikuwa wakimtazama, na Mwalimu Zipporah pia. Angeweza kusema hapo, na yangekwisha hapo. Akajibu, "Ndiyo, nilimwona." Cindy akaandika.

Nyumbani siku hiyo alimkuta Ngumbao ameketi uani na baba yake. Chifu alikuwa ameitisha baraza siku ya Jumatano ili jambo la Mzee Kazungu liamuliwe. Ngumbao alitaka Easter asimame aseme mbele ya watu yale aliyoyasema shuleni, basi. Alizungumza kwa upole, akamwita mwanangu. Kisha akamgeukia baba na kumkumbusha, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba hakuna gari jingine Mihuhuni linalobeba makuti hadi Bofa. Baba alisema binti yake atasimama. Easter hakuulizwa.

Jumatatu ilikuwa zamu yake kumpelekea mzee chakula cha mchana, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na siku yake. Mwalimu Zipporah alimsindikiza, akabaki nje akijibizana na katekista. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Mzee Kazungu alikuwa amepiga magoti mbele ya kipande cha kioo, akijipaka nywele rangi nyeusi kwa mswaki mkuukuu. Rangi ilikuwa imemtiririka shavuni hadi kidevuni.

Easter aliweka sahani chini. Mzee hakuona haya, wala hakuacha. Alimweleza kwamba wazee wengi aliowajua walikuwa wakijipaka rangi siku hizi, kwa maana mtu mwenye mvi huitwa mchawi na hana usalama, na kwamba yeye alikuwa amekataa kufanya hivyo kwa miaka kumi kwa kuwa baba yake alikufa na mvi zake na akaheshimiwa nazo. Kisha akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Wa Katana, fundi wa makuti."

Mswaki ulisimama. Mzee alimtazama kupitia kile kioo, si uso kwa uso.

"Ndiwe," alisema. "Alhamisi ile mimi sikuwa hapa Mihuhuni. Niliondoka na gari la kwanza kwenda Kilifi kwa daktari wa macho, nikarudi jua linatua. Kadi waliyoniandikia imeungua na nyumba. Hakuna mtu aliyeniuliza nilikuwa wapi. Kwa hiyo kijiji kizima tumebaki wawili tunaojua, mimi na wewe, na mimi hawatanisikiliza."

Alirudia kujipaka rangi. Easter alitoka nje, akamshika Mwalimu Zipporah mkono na kumvuta mbali na katekista, na hapo nyuma ya kanisa akasema yote: duka, simu, mara ya tatu, baba yake, na uongo wa pili aliomwambia Cindy. Alikuwa akilia na alitarajia kukumbatiwa.

Mwalimu Zipporah hakumkumbatia. Uso ulimkunjamana, na Easter akaona kwamba mwalimu alikuwa na hasira kweli. Alisema kwamba ameyasikia, lakini yeye mwalimu siye aliyechoma nyumba ya mzee. Wanaopaswa kusikia ni wale walioichoma. Hatamlazimisha, na hatamwambia kwamba litakuwa jambo rahisi, maana watu watamchukia, na wengine hawataacha kumchukia. Lakini akiamua kusema, yeye atasimama kando yake. Siku hiyo hiyo alikwenda naye nyumbani, na kwa kuwa baba alikuwa kazini, walimweleza mama. Mama aliendelea kushona kuti lililokuwa mkononi mpaka likaisha. Ndipo akasema, "Jumatano tutakwenda pamoja."

Baraza lilifanyika nje ya ofisi ya chifu, chini ya turubai. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano wa kampeni. Mzee Kazungu aliketishwa upande mmoja kati ya askari wawili wa utawala, nywele zake zimekuwa nyeusi ajabu, na watoto wadogo wakamcheka. Ngumbao alizungumza kwanza. Alieleza kifo cha mtoto wake, akasema kwa muda mrefu juu ya watu wenye macho mabaya, kisha akamwita shahidi.

Easter alisimama. Aliona uso wa baba yake katikati ya umati, umetulia, ukingoja. Aliona Katekista Nzai amekunja mikono. Alianza kwa sauti ndogo mno, na chifu akamwambia arudie.

"Sikumwona Mzee Kazungu," alisema. "Nilichelewa shule kwa kutazama simu dukani. Niliogopa kuitiwa mzazi, nikamsingizia. Siku ile yeye alikuwa Kilifi kwa daktari. Nilidanganya shuleni, nikadanganya tena nilipoulizwa na wenzangu. Ninyi mmemchomea nyumba kwa uongo wangu."

Kelele ikapanda. Ngumbao alipiga kelele kwamba mtoto amefundishwa, kwamba yule mwalimu mgeni amemnunua. Mtu alirusha kiatu kikampiga Easter begani. Wengine walimtukana mama yake aliyekuwa amesimama nyuma yake. Baba aliinuka, na Easter akadhani anakuja mbele, lakini alipenya kati ya watu akaondoka bila kugeuka. Katika ghasia zile alisimama pia Janet, mke wa Ngumbao, mama wa yule mtoto aliyefariki. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele ya Easter, macho mekundu, akamuuliza swali ambalo Easter hangelisahau maisha yake yote.

"Kama si yeye, basi mwanangu aliuawa na nini?"

Janet akarudi kuketi bila kujibiwa. Cindy ndiye aliyeomba ruhusa ya chifu, akafungua daftari na kusoma, bila haraka, watu arubaini na mmoja waliohojiwa na yale waliyoyasema kwa vinywa vyao wenyewe. Waliotajwa walikuwa wamekaa pale pale. Mmoja mmoja waliinamisha vichwa. Aliposoma habari ya vigingi vyekundu, chifu alimgeukia Ngumbao na kumuuliza ni lini alipimiwa shamba la ami yake, na kwa idhini ya nani. Ngumbao alijibu kwamba aliyaona mambo ya mbele. Hakuna aliyemuuliza maana yake. Wote walielewa kwamba alikuwa ameshajihesabia shamba kabla mwenyewe hajaondolewa.

Chifu aliamuru vigingi ving'olewe siku hiyo hiyo. Waliochoma nyumba walipelekwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na wazee wa mtaa wakakubaliana kwamba nyumba itajengwa upya na mikono ile ile iliyoichoma. Mzee Kazungu alikaa stoo wiki nne zaidi, kisha akarudi bomani kwake.

Kwa Easter, wiki hizo zilikuwa ndefu. Alihesabiwa kosa na pande zote mbili. Waliomwamini Ngumbao walimwita msaliti, na waliomhurumia mzee walimwita shahidi wa uongo, na wote walikuwa na haki ya kumwita kitu. Shuleni alipewa adhabu yake, na barua ikatumwa kwa mzazi, ile ile aliyoikimbia tangu mwanzo. Ngumbao alikataa kubeba makuti yao, nayo yakarundikana uani mpaka mvua ikayaozesha. Baba hakumsemesha. Alikula, akaondoka, akarudi, akalala. Siku ya kumi na saba alichukua ngazi na kamba zake akaenda kuliezeka paa la Mzee Kazungu, na alipomwona Easter akipita na ndoo ya maji ya kukandia udongo alimwambia tu amrushie kamba. Easter alimrushia, na tangu hapo wakaanza kuzungumza tena kidogo kidogo.

Siku nyumba ilipokamilika, Easter alimwendea Mzee Kazungu akapiga goti. Mvi zilikuwa zimeanza kuchomoza tena kwenye mizizi ya nywele. Alimwomba msamaha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba bado hajamsamehe, kwa kuwa bado anashtuka kila anaposikia watu wengi wakija njiani, na kwamba siku atakapomsamehe atamwambia. Easter alikubali. Hakuona la kubishia.

Katekista Nzai hakuomba radhi, ila padre alipofika na kusikia habari yote, Chama kiliruhusiwa kuimba tena. Walikuwa tisa sasa. Lakini Ijumaa ya kwanza walipokutana, Easter hakuanzisha wimbo. Alisema kwamba hawajamjibu Janet.

Cindy alimgeukia. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu siku ya daftari. "Tutamjibu vipi?" akauliza, na Easter akasema wataanza kwa kumuuliza yeye mwenyewe aliona nini.

Walikwenda na Mwalimu Zipporah. Mara mbili Ngumbao aliwafukuza langoni. Mara ya tatu hakuwepo, na Janet akawaketisha. Aliwasimulia kwamba siku ya kwanza ya homa alimbeba mtoto hadi zahanati ya kijiji akakuta kufuli mlangoni. Siku ya pili alimkuta muuguzi, lakini dawa za malaria zilikuwa zimekwisha tangu mwezi uliopita. Siku ya tatu mtoto alifia mgongoni mwake akielekea barabarani kutafuta gari. Hakuna aliyemuuliza habari hizo wakati wa mazishi. Kila mtu alikuwa akizungumza juu ya mzee.

Waliwauliza na akina mama wengine, na safari hii milango ilifunguka zaidi. Kumi na watatu walikuwa wamewahi kulikuta kufuli lile. Chama kiliandika barua, akina mama wakaitia saini na alama za vidole, jina la Janet likiwa la kwanza, na Mwalimu Zipporah akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi za afya za kaunti mjini Kilifi. Haikujibiwa. Waliandika ya pili, wakaipeleka wao na mama zao. Baada ya miezi miwili aliletwa muuguzi wa pili na dawa zikafika, na kufuli likaanza kufunguliwa kila asubuhi. Ngumbao aliendelea kupita karibu nao bila kuwasalimia. Easter aliendelea kumwamkia.

Ijumaa ya mwisho ya muhula, mwanachama mpya wa Gredi ya Sita aliuliza kama ni kweli kwamba zamani Chama kilikuwa kikigawa sabuni tu, na kwa nini waliacha. Wengine walicheka. Mwalimu Zipporah hakucheka.

"Hatukuacha," alisema. "Mwenye haja ya sabuni tutampelekea. Ila tumejifunza kumuuliza mtu imekuwaje akafika alipofika, na swali hilo likaishia ndani ya chumba hiki, kwa mmoja wetu. Easter alidanganya ili asiitiwe mzazi, na mtu akachomewa nyumba. Sitaki mlisahau hilo, naye hataki. Lakini alisema kweli mbele ya wale wale waliomwamini alipodanganya, huku akijua watamfanya nini. Ukitaka haki itendeke kijijini kwako, hapo ndipo pa kuanzia. Anza na neno lako mwenyewe liwe la kweli, hata kama umechelewa na hata kama wewe ndiye utakayeumia. Bila hilo hatuna cha kumpelekea mtu yeyote."

Kisha akamwambia Easter aanzishe wimbo.